Unga Uliogoma Kuyeyuka

Maneno yaliyomfikia Inspekta asubuhi hiyo yalikuwa machache na ya kutisha: mama mmoja, mshona mapazia, amebanwa koo kwa kamba nyumbani kwake, na binti yake anamshuku mume. Inspekta akachukua kamera, tepu ya kupimia na glavu, akaenda hospitali akiwa amejiandaa kuona shingo yenye michubuko.

Alikuta shingo safi kabisa. Kilichovimba ni uso. Macho yalikuwa yamebaki mistari miwili, na midomo imetuna kama ya mtu aliyevamia mzinga wa nyuki.

"Kamba iko wapi?" akamuuliza daktari wa zamu.

"Kamba gani?"

"Aliyokabwa nayo."

Daktari alimtazama, akatazama ile tepu ya kupimia, kisha akaanza kucheka mpaka akashika ukingo wa kitanda. "Ni kamba wa kuliwa, Inspekta. Wa baharini, mwenye ndevu. Huyu mama ana mzio nao tangu utotoni. Akionja hata mchuzi wake, koo linajifunga lenyewe. Hakuna aliyemkaba. Bahati jirani alikuwa na gari, na sisi tulikuwa na sindano."

Inspekta alirudisha kamera mfukoni, huku moyoni akipanga la kumwambia yule konstebo wa kaunta aliyepokea simu. Angeweza kuondoka hapo hapo, kwa sababu mzio si jinai. Lakini mama kitandani alikuwa anamwita kwa kidole.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "mimi kamba sijala. Nyumbani kwangu hawaingii hata kwa picha."

Inspekta akavuta kiti. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzito kidogo, mwenye goti la kulia lililokuwa linamsumbua kila apandapo ngazi, na kukaa kwake siku zote kulikuwa kwa taratibu. Akakaa. "Tangu uamke umeweka nini mdomoni, mama? Usiache kitu."

"Uji wa shayiri. Kapika mume wangu, kama kila siku. Na dawa yangu ya magoti."

"Dawa gani?"

"Unga wa glukosamini. Natia kijiko kwenye glasi ya maji. Najua unachotaka kuuliza. Glukosamini nyingi inatengenezwa kwa magamba ya hao hao kamba. Yangu ni ya kuvu, ile jamaa ya uyoga. Nimeitafuta kwa makusudi, na nimeinywa muda mrefu bila hata kupiga chafya. Mkebe wenyewe nimeufikisha nusu."

"Na leo ilikuwa kama siku zote?"

Mama alifikiri. "Leo uligoma kuyeyuka. Nikakoroga, nikakoroga, unga ukabaki unaogelea tu. Nilikuwa na mteja ananisubiri, hata mkebe nilichota bila kuutazama, nikaumeza hivyo hivyo. Nikiwa naosha sufuria, ulimi ukaanza kuwasha. Kilichofuata sikijui."

Sentensi ile ya unga kuogelea Inspekta aliiweka mahali pake.

Koridoni alikuwepo binti, mwalimu wa jiografia, amesimama wima kama anasimamia mtihani.

"Afande, usihangaike kwenda mbali," akasema. "Nani anapika nyumba ile? Yule bwana. Nani alijua mama haivani na kamba? Yule bwana. Mama kaishi mjane kwa amani, akaja fundi saa kutengeneza saa ya ukutani, ikawa ndoa. Sasa nenda kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba ukaone. Ana kopo la soda kali, lile la kuzibulia mabomba, na madumu ya siki. Fundi saa na siki, wapi na wapi?"

"Umemuuliza?"

"Nimemwambia asikanyage wodini. Na jioni nabadilisha kufuli ya nyumba. Fundi nimeshampigia."

"Ungesubiri kidogo."

"Mama yangu alikuwa anakata roho, afande. Nisubiri nini?"

Inspekta akafunga daftari. Akaenda kwenye nyumba.

Fundi saa alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, mzee mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, na mikononi ameshika viatu vya mke wake. Walimbeba pekupeku, akaeleza, naye alitaka kumpelekea viatu, lakini amezuiwa.

"Anapumua?" akauliza.

"Anapumua na anaongea."

"Akiongea basi mzima." Akavifuta viatu kwa kiganja ingawa havikuwa na vumbi.

Jiko lilikuwa jiko la fundi saa kweli. Vijiko vimelazwa kwa ukubwa, vitambaa vimekunjwa pembe kwa pembe, na makabati yananukia dawa ya kusafishia. Inspekta akamwambia aeleze uji ulivyopikwa, naye akaeleza hatua kwa hatua: maji, shayiri, chumvi kidogo, maziwa mwishoni. Sufuria ilikuwa bado na ukoko. Inspekta akaukwangua akautia kwenye kichupa. Akachukua sampuli ya maziwa, ya shayiri, ya chumvi. Glasi ya mama ilikuwa kwenye sinki, na chini yake kumebaki matope meupe. Akaifunga nzima kama ilivyo.

Mkebe wa dawa ulikuwa kwenye rafu ya pembeni, lebo yake ya kijani ikisema wazi kwamba umetokana na kuvu. Akafungua kifuniko. Unga ulikuwa umejaa mpaka shingoni. Akaufunga, akaandika namba ya sampuli, akautia kwenye mfuko.

"Kibanda chako tafadhali."

Mzee alisita kwa mara ya kwanza. "Kile ni cha kazi zangu."

"Ndiyo maana nataka kukiona."

Mlangoni kulikuwa na meza ya saa, lenzi, na kasha la skrubu ndogo kama mbegu za ufuta. Kwenye rafu ya chini kopo la soda kali, na pembeni madumu mawili ya siki, kama alivyosema binti. Na pembeni kabisa kulikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli. Mzee akasogea taratibu akasimama mbele yake.

"Hilo?"

"Hilo lisubiri hati ya upekuzi, Inspekta. Samahani. Nikilifungua leo, habari zitamfikia mke wangu."

"Na habari zikimfikia?"

"Nitakuwa nimeharibu."

Inspekta alikuwa amesikia watu wengi wakijichimbia kaburi kwa mdomo wao, lakini wachache kwa adabu namna ile. Akapiga simu kuomba hati, akamwacha askari mlangoni, akaenda maabara.

Mkemia wa serikali alikuwa mama mnene mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani, na jengo zima lilimwita Shangazi, wakubwa kwa wadogo. Alianza na uji, akamaliza na maziwa na chumvi, na vyote akavisukuma pembeni.

"Uji hauna kosa. Mpe hongera aliyeupika. Sasa nionyeshe huo mkebe."

Akachota unga kijiko kimoja, akautia kwenye glasi ya maji ya baridi, akakoroga. Wote wawili wakainama kutazama. Unga ulizunguka, ukatulia, ukabaki vile vile, chembe nyeupe nyeupe kama vumbi la chaki kwenye ndoo.

"Glukosamini ingekuwa imeshatoweka," akasema Shangazi. "Ni kitu kidogo, tabia yake kwenye maji ni kama ya sukari. Hebu nipe siki."

Akamimina siki kidogo. Chembe zikaanza kulainika, zikapoteza kingo, na baada ya kitambo maji yote yakageuka ute mzito. Alipoinua kijiko, ute ukashuka polepole kama asali.

"Hii ni kitosani," akasema. "Ndugu wa damu wa glukosamini. Fikiria mnyororo na pete zake. Kwenye gamba la kamba au la kaa kuna kitu kigumu kinaitwa kitini. Ukikichemsha na soda kali unapata mnyororo huu, kitosani. Ukiuvunja mpaka ibaki pete moja moja, hiyo ndiyo glukosamini. Pete moja inayeyuka kwenye maji bila maneno. Mnyororo mzima unagoma mpaka uupe kitu kichachu."

"Kwa hiyo kilichomuumiza ni huo mnyororo."

"Hapana, hapo ndipo watu wanapokosea." Shangazi alichukua kichupa kingine, akatia unga na matone ya dawa ya buluu. "Mzio wa kamba hauko kwenye mnyororo. Uko kwenye nyama iliyobaki imeng'ang'ania gamba. Protini. Kiwanda kinachojua kazi yake kinaiosha yote, na ndiyo maana wengine wenye mzio wanakunywa unga wa magamba na hawadhuriki, ingawa mimi nisingewatuma wakajaribu. Sasa tazama."

Buluu ilikuwa inageuka zambarau, kwanza chini, kisha kote.

"Huyu hakuosha," akasema Shangazi. "Au aliosha kama mtu anayeosha vyombo huku anaangalia mpira. Hii si kazi ya kiwanda. Ni ya sufuria."

Inspekta aliandika. Kisha akaendelea kukaa, na mkono wake ukateremka wenyewe mpaka kwenye goti. "Na hivi vitu, vikiwa safi, vinasaidia?"

"Unauliza kikazi?"

"Kikazi na kigoti."

Shangazi akacheka, akavua miwani ya usoni akavaa ya kichwani. "Kwenye seli za maabara, na kwenye panya waliovimbishwa miguu, ndiyo. Glukosamini na vipande vifupi vya kitosani vinatuliza uvimbe. Mwili ukiumia unapiga king'ora, unatoa kemikali za kuita damu na joto mahali pale. Vitu hivi vinaonekana kupunguza sauti ya king'ora. Kwa binadamu habari zimechanganyika. Huyu anakwambia ameweka fimbo yake ya kutembelea kabatini, mwingine anakwambia alimeza vumbi. Mwone daktari wako kwanza, halafu soma kimetokana na nini. Kwa mshona mapazia wako hilo la pili ndilo lingetosha."

"Aliyetengeneza huu alihitaji nini?"

"Magamba mengi. Soda kali. Na asidi ya kutolea chokaa. Hata siki ingefaa, kwa mtu mvumilivu."

Inspekta alifunga kalamu. Soda kali, siki, na mtu mvumilivu. Alimwona yule mzee na skrubu zake za ukubwa wa ufuta, na moyo wake haukufurahi hata kidogo, maana tayari alikuwa ameanza kumpenda.

Hati ilikuwa imefika kabla yake. Fundi saa aliisoma yote, mpaka muhuri, akatoa ufunguo shingoni akafungua sanduku.

Ndani kulikuwa na sabuni. Vipande vimepangwa kama matofali, kila kimoja kimefungwa karatasi nyembamba, na harufu ya limau ikajaa kibanda. Chini yake kulikuwa na vibao vya kumiminia, mizani ndogo ya vito, na chupa za mafuta.

"Vitambaa vya mapazia vina wanga na rangi," mzee akasema, akiangalia chini. "Vinamla mikono. Inapasuka mpaka anashindwa kushika sindano. Za dukani zote zinamuwasha. Nikasema nijaribu mwenyewe. Soda inakwenda na mafuta, ndiyo sabuni hiyo. Siki ni ya kufutia meza, soda ikimwagika inapooza. Mwezi ujao tunatimiza miaka miwili ya ndoa. Nilitaka iwe siku hiyo."

Inspekta alichukua kipande kimoja, akakigeuza. Kwenye kila sabuni mzee alikuwa amegandamiza alama ya gurudumu la saa. Meno ya gurudumu yalikuwa yameonekana yote, hata moja halikupotea.

Alikipekua kibanda vizuri hata hivyo, maana harufu ya limau haifuti hatia. Sufuria iliyokuwepo ilitosha mayai mawili. Hakuna ndoo, hakuna chujio, hakuna hata gamba moja kwenye pipa la taka, wala uvundo. Magamba ya kamba yakichemshwa na soda yananuka mtaa mzima, na jirani mwenye gari, alipoulizwa juu ya uzio, alisema harufu pekee inayotoka pale ni ya limau, na kwamba mke wake anaionea wivu.

Kisha Inspekta akakaa kwenye kiti cha meza ya saa, akawaza kwa sauti, kama alivyozoea.

"Tuseme mtu anataka kumdhuru mke wake kwa kamba. Atafanya nini? Atadondosha mchuzi wa kamba kwenye uji, basi, kazi imekwisha. Haendi kuchemsha magamba, kuyasaga, kuyakausha na kuyafanya yafanane na dawa. Unga huu ulitengenezwa na mtu aliyedhani anatengeneza dawa, ili auze dawa."

"Lakini mkebe ni wa kijani, ule ule wa siku zote," mzee akasema.

"Mkebe ndiyo. Mkeo ameniambia ameufikisha nusu. Mimi nimeukuta umejaa mpaka shingoni. Nani anaingia jikoni kwenu?"

"Mimi, yeye, na binti yake. Jana alikuja kumsaidia mama yake kusafisha makabati. Alifanya kazi kweli, sikatai. Hata vijiko vyangu alivipanga upya, nikavirudisha."

Inspekta akahesabu kwa vidole. Tangu asubuhi alikuwa amemhoji mgonjwa, daktari, mume, mkemia na jirani. Yule aliyeleta malalamiko alikuwa amemsikiliza tu. Hakumuuliza swali hata moja la jikoni, kwa sababu mlalamikaji huwa anakuja na majibu tayari, na polisi hupokea.

Alimkuta binti shuleni, kwenye chumba cha ramani, akisahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu; wodini walikuwa wamemwambia mama apumzike, arudi jioni. Dunia ya plastiki ilikuwa imekaa mezani kati yao.

"Umemkamata?" binti akauliza.

"Bado nauliza maswali. Jana ulisafisha makabati ya mama."

"Ndiyo."

"Ule mkebe wa kijani uliuhamisha?"

"Uliniponyoka," akasema bila kusita. "Kifuniko hakikuwa kimekaza, unga wote ukaingia kwenye maji ya kupigia deki. Mama angenisema wiki nzima. Nikakimbia duka analonunua mama, wakasema umekwisha, nirudi wiki ijayo. Nikaupata kwa yule bwana wa dawa za asili karibu na stendi. Nikaosha mkebe, nikaukausha, nikaujaza. Nilikuwa nimwambie leo."

"Alikuuzia kama nini?"

"Nilimwambia nataka ile ya magoti. Akasema ni hiyo hiyo. Ya asili."

"Asili yake nini?"

Binti akafungua mdomo. Kalamu ilikuwa imesimama juu ya daftari la mtoto, na doa jekundu likaanza kutanuka kwenye karatasi pale ilipogusa.

"Sikuuliza," akasema.

Inspekta hakumharakisha. Alimweleza kwa sauti ya chini kuhusu glasi, siki, na buluu iliyogeuka zambarau. Hakuongeza neno, hakupunguza. Mwalimu, akisikiliza, alikuwa anarudi nyuma taratibu kwenye kiti, kama mtu anayesogezwa na maji.

"Nimempa mimi," akasema mwishowe. "Na nilisimama kwenye korido ile nikamtaja mtu."

"Uliuziwa dawa ya viungo, ukampa mama yako dawa ya viungo. Aliyejua kilichomo ni aliyeuza. Huyo ndiye wangu. Utanionyesha?"

Binti akasimama, akachukua mkoba. Kabla hawajatoka alipiga simu. "Fundi, usije. Hapana, wala kesho. Kufuli ni nzima."

Yule bwana wa dawa za asili alikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya stendi, kofia ya kulalia upande, na maneno mengi. Mikebe yake ilipangwa kama piramidi, kila mmoja na picha ya mzee anayeruka kamba, na safari hii ilikuwa kamba ya kweli. Inspekta akanunua mkebe mmoja, akaugeuza mbele na nyuma akitafuta umetokana na nini. Kulikuwa na namba ya simu tu.

"Unatengeneza kwa kitu gani?" akauliza.

"Siri ya kazi, mama."

Akaonyesha kitambulisho. "Na sasa?"

Kofia ikanyooka. Nyuma ya pazia kulikuwa na mapipa mawili ya magamba kutoka kiwanda cha kumenyea kamba, sufuria kubwa, soda kali, na harufu iliyowafanya wote watatu wapumue kwa mdomo. Bwana yule hakukimbia. Alionekana zaidi kuumia kwamba kazi yake haieleweki.

"Mimi nilisoma kwamba yanatuliza uvimbe, afande. Si uongo. Waulize wateja. Wanarudi. Wanasema magoti yamepoa."

"Huenda yamepoa kweli. Mimi sikuja kwa ajili ya magoti yaliyopoa. Magamba uliyaosha vipi?"

"Maji."

"Maji tu?"

"Maji mengi."

"Na kuna mtu amewahi kukuuliza kama ana mzio?"

"Hakuna anayeuliza."

"Wewe ndiye wa kuuliza," Inspekta akasema. "Na wa kuandika. Kuna mama amelazwa leo kwa sababu hukuandika neno moja kwenye mkebe."

Bwana akavua kofia. Wakati askari walioitwa wanapakia mapipa, aliendelea kutoa maelezo mapya mpaka gari likafungwa mlango. Mikebe yote ilichukuliwa, na kabla jua halijashuka tangazo lilikuwa redioni likiwaomba walionunua waurudishe unga ule, hata kama umewafaa.

Wakiwa wanapanda ngazi za hospitali, binti alisimama katikati. "Utawaambia wewe, afande? Wewe unajua kueleza."

"Mimi nitaandika ripoti," Inspekta akasema, akitumia nafasi hiyo kupumzisha goti. "Hayo mengine ni ya familia."

Fundi saa alikuwa wodini tayari. Inspekta ndiye aliyemruhusu kwa simu. Uso wa mama ulikuwa umeanza kurudi, macho yamefunguka, na walikuwa wameshikana mikono kama watu wanaosubiri basi. Walipomwona binti, mzee alisimama akajiandaa kutoka. Ilikuwa ni kumpisha tu, bila hasira, na hilo lilimfanya binti ashindwe kuanza.

Alianza hata hivyo. Alisema habari za mkebe kuponyoka, maji ya deki, duka, stendi. Alisema yote akimtazama mama yake, na alipofika kwenye korido akamgeukia mzee. "Nilikusingizia. Mbele ya polisi. Na nilikuwa nikutoe nyumbani jioni hii. Naomba unisamehe."

Mzee alikaa tena ukingoni mwa kitanda. Alifikiri kwa muda, kichwa kimeinama upande mmoja, kama anavyosikiliza saa iliyochelewa.

"Huyo wa stendi," akasema, "ni yule mwenye kofia?"

"Ndiye."

"Juzi juzi nilisimama pale. Niliushika unga huo huo mkononi. Nilitaka kumletea mama yako, baada ya kuona picha ile ya mzee anaruka. Basi langu likafika, nikaurudisha nikakimbia. Tofauti yangu na wewe ni basi."

Binti akainua uso. Kisha kitandani ikatoka sauti, mkwaruzo mkavu, na Inspekta akageuka kwa hofu kabla hajatambua kwamba mama anacheka.

"Kumbe mlikuwa kwenye foleni," akasema. "Mnagombea nani aniue kwanza kwa mapenzi."

Binti alicheka huku machozi yanamshuka, mzee naye akacheka kwa kuchelewa, akitikisa mabega tu. Daktari alichungulia mlangoni kuuliza kuna nini, hakujibiwa, akaenda zake. Mama akamwambia Inspekta kwamba akitoka atataka unga wake wa kuvu, ule wa kweli, maana magoti yake na unga ule wanaelewana, sayansi iseme itakavyo. Inspekta akaandika jina la unga huo pembeni ya daftari, mahali ambapo si pa ripoti.

Muuguzi akaingia na shuka safi. Mgonjwa abaki mpaka kesho kwa kuangaliwa, akasema, na mtu mmoja anaweza kulala naye. Ndugu ni nani?

"Mimi," akasema mzee.

"Mimi," akasema binti.

"Kiti ni kimoja," akasema muuguzi, naye alikuwa na kazi nyingine.

Walitazamana. Binti alikivuta kile kiti karibu na kitanda, akapangusa pa kukalia kwa mkono. "Kaa wewe," akamwambia mzee. "Mimi natafuta kingine." Akatoka kwenye korido, akianza kufungua mlango mmoja baada ya mwingine, na Inspekta, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha na chai yake ilikuwa inamsubiri, akageuka akaenda kumsaidia kutafuta.